Mchoro Mama wa Baba Mkwe

Matrida alimdharau Dennis kwa utaratibu, kama mtu anayesali rozari: punje kwa punje, bila kuruka. Alianzia juu, kwenye miwani ya jua iliyokaa kwenye paji la uso hata siku ya mvua. Akashuka kwenye manukato, ambayo yaliingia ofisini kabla ya mwenyewe na kubaki pale akishaondoka. Akafika kwenye viatu vyenye ncha, viatu vya mtu ambaye katika karakana nzima hajawahi kuinua chuma kizito kuliko kikombe cha chai. Akimaliza viatu alirudi juu kwenye mdomo, kwa sababu mdomo wa Dennis ulistahili fungu lake peke yake.

Dennis alikuwa mchoraji mkuu katika karakana ya Jilala, pale Buhare, pembezoni mwa mji wa Musoma. Matrida alikuwa mchoraji wa pili. Wa tatu hakuwepo.

Angekuwa mtu baki, Matrida angemwambia ukweli siku ya kwanza na mambo yangekwisha. Lakini Dennis alikuwa baba mkwe wake. Mume wa Matrida aliitwa Bernado, na babu yake Bernado alioa mke wa mwisho akiwa tayari anatembelea fimbo, na mke huyo akamzaa Dennis. Basi Dennis akawa ndugu wa baba yake Bernado. Siku Matrida anaolewa Butiama, baba mkwe huyo alikuwepo harusini, amebebwa mgongoni, analilia ziwa la mama yake.

Ukoo hauhesabu meno. Mkwe ni mkwe. Matrida hakuruhusiwa kulitamka jina lake, wala kumkazia macho, wala kumpa kitu mkononi, wala kukalia kiti alichokalia yeye. Zaidi ya yote, hakuruhusiwa kubishana naye. Akiwa na neno zito alilipitisha kwa mtu wa tatu, na mtu huyo pale karakanani alikuwa Kwangu, fundi wa kuchomelea, mtu mwema ambaye maneno yakipita kwake yalipungua uzito kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Bwana," Matrida alisali kila asubuhi, "mjalie yule Baba akili, maana unajua mwenyewe ulivyomwacha." Aliamini kabisa kwamba hiyo ilikuwa sala ya upendo.

Matrida hakuzaliwa mchoraji. Alikuwa mtunza stoo wa Jilala kwa miaka mingi, anagawa bolti na visu vya grinda, hadi siku alipoona nywele nyeupe kwenye kioo akaamua kwamba hatakufa bila kujua kile kinachofanyika kwenye kompyuta. Akajiandikisha masomo ya jioni mjini. Kila akitoka kazini alipita kanisani, akapiga magoti kidogo, kisha akaenda kukaa darasani na vijana waliomwita Bibi.

Mwalimu wao, Faustine, ndiye aliyewafundisha habari ya mchoro mama.

"Fundi wa kawaida," alisema, "anachora kila kipande peke yake. Fremu, shafti, ngoma, kifuniko. Mwisho anavikutanisha na kuomba vipatane. Hiyo ni ndoa ya kubahatisha. Ninyi mtaanza na mchoro mama. Huo hauna chuma hata kidogo, una mistari tu. Shafti itapita hapa. Miguu ya fremu itapanuka hivi. Injini itakaa pale. Kisha kila kipande kinazaliwa kutoka kwenye mistari hiyo, na kinabaki kimefungwa nayo. Ukisogeza mstari kwa mama, watoto wote wanasogea."

Aliwaonyesha. Alishusha mstari mmoja, na kwenye skrini mashine nzima ikajipanga upya yenyewe, bila kelele. Kando ya jina la kila kipande palikuwa na alama ndogo ya mnyororo kuonyesha kwamba bado kimefungwa.

"Mwalimu, hiyo ni Zaburi," Matrida alisema.

"Hiyo ni jiometri, mama."

Lakini Matrida alikwenda nyumbani akiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja. Alitaka mchoro mama ukae mkononi mwake. Alitaka yeye awe ndiye anayepitisha mstari wa kwanza. Hakuwahi kutaka kitenge, ng'ombe wala cheo cha jumuiya kama alivyokitaka kitu hicho.

Na kitu hicho kilikuwa kwa Dennis.

Alikitunza jinsi mbuzi anavyotunza shamba la mchicha. Mafaili yake aliyaita "mashine mpya", "mashine mpya kabisa", "ya mwisho" na "ya mwisho kweli", na lile alilokuwa akilitumia lilikuwa "mashine mpya". Mistari aliisogeza jinsi moyo ulivyomtuma, bila kumwambia mtu. Wakati huo walikuwa wanaunda mashine ya kuparaza mihogo kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa Butiama, na Matrida alipewa hopa, lile domo la bati ambamo mihogo inamiminwa iangukie kwenye ngoma ya meno. Hopa ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kweli. Aliiacha jioni ikiwa imekaa sawa. Asubuhi aliikuta imepinda kama mdomo wa mbuzi anayetafuna, kwa sababu mama alisogezwa.

"Mashine hii ikishatoka," Jilala alikuwa amewaambia wote wawili, "nitajua mchoro mama ukae kwa nani." Jilala, mwenye karakana, alikuwa Msukuma mpole asiyerudia neno.

Matrida akajaribu njia ya halali.

"Kwangu," alisema, macho yake yakiwa ukutani, "mwambie Baba asiwe anasogezaga mistari bila kusema. Hopa yangu kila siku naikuta kwingine."

Dennis alikuwa meza ya pili, anasikia kila neno, anachovya andazi kwenye chai. Kwangu alimgeukia kwa heshima zote.

"Mzee, mkweo anasema shikamoo."

"Marahaba."

"Sikusema hivyo, Kwangu."

"Ulisema na mengine, lakini hilo ndilo lililobeba."

Dennis alifuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja. "Kwangu, mwambie mkwe wangu kwamba mchoro mama ni kama mimi. Unafuatwa, hauulizwi."

Kwangu akacheka. Matrida hakucheka. Alirudi kwenye kompyuta yake akakaa, na dharau ikapanda ndani yake kama maziwa yanayochemka, mpaka ukingoni. Ati awe anayumbishwa kila asubuhi na mtu wa miwani. Ati kazi ya mikono yake, aliyoisomea jioni kwa macho yaliyochoka, iwe inatikiswa na mtoto wa mke wa mwisho. Akabonyeza jina la hopa. Akatafuta ile alama ya mnyororo. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika anataka kukata kiungo.

Kompyuta ina adabu kuliko Baba, Matrida aliwaza. Walau inauliza.

Akakata. Mnyororo ukageuka kuwa pete mbili zilizoachana. Kesho yake Dennis alisogeza mambo yake, na hopa ikakaa ilivyokaa. Matrida alisali kwa furaha siku hiyo.

Baada ya hapo Diana, mwenyekiti wa akina mama wa Butiama, alikuja Musoma kuiangalia fremu ilipofikia. Alisimama mbele yake akainua mikono kama aliyebeba beseni.

"Hii mtamwaga mihogo nyinyi wanaume warefu," alisema. "Sisi ishusheni."

Jilala akasema ishushwe. Dennis akaushusha mstari wa shafti. Na kwa kuwa miguu ya fremu ilipanuka kuelekea chini, mashine ikishuka inakuwa pana zaidi pale hopa inapokaa. Fremu ikafuata, ngoma ikafuata, kifuniko cha mkanda kikafuata. Dennis hakumwambia Matrida, kwa sababu hakuwa na desturi ya kumwambia mtu. Wala hakuifungua mashine nzima kwenye skrini kuitazama ikiwa imeungana. Alituma mafaili yote kwa simu kwenda Kabasa, kule Bunda, kwa watu wenye mashine ya kukatia bati, akavaa miwani yake akatoka.

Muda ulikuwa umebana. Fremu ilichomelewa Buhare, na bati za hopa zikatoka Kabasa zimekwisha kukunjwa na kupelekwa moja kwa moja Butiama kwa pikapu. Ndiyo faida ya mchoro mama, Jilala alisema. Vipande vinaweza kukutania shambani kwa mara ya kwanza na vikajuana.

Havikujuana.

Akina mama walikuwa wamemenya mihogo tangu asubuhi, malundo meupe juu ya turubai. Katekista alikuwepo kwa ajili ya sala, na wageni walikwisha kaa. Kwangu aliinua hopa akaiweka juu ya fremu. Hopa ikatumbukia ndani, nyembamba, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Hakuna tundu lililokutana na tundu. Akaichomoa, akaigeuza, akairudisha. Ikatumbukia tena.

"Fundi," Diana alisema, "hiyo mliipimia nani?"

"Subiri kidogo, mama."

"Nasubiri. Mihogo ndiyo haisubiri."

Mwanamke mmoja nyuma akauliza kama mashine imefunga kwaresima mapema. Wakacheka, kicheko kile cha watu ambao walijua tangu mwanzo. Kisha wakachukua visu vyao, wakakaa chini, wakaanza kukatakata mihogo kwa mkono kama walivyofanya bibi zao, huku mashine ya Jilala imesimama katikati yao mdomo wazi bila mdomo.

Matrida aliutambua upana ule mara moja. Ulikuwa upana wa zamani. Ulikuwa upana wake.

Bwana, nipe kusema, alisali. Na Bwana akampa. Maneno yalikuwa tayari kinywani, mafupi, yamejipanga. Yeye ndiye hakuyatoa. Wale wote walikuwa wakwe zake na majirani wa mumewe. Na Jilala alikuwa amekwisha kugeuka.

"Mchoro mama ni wa nani?"

Dennis aliipindua hopa. Akaitazama ubavuni, akapitisha kidole kwenye ukingo wa matundu. Akatazama chini kidogo.

"Wangu," alisema.

Mdomo ule uliojua kusimulia mpaka safari ya saluni uliishia hapo. Matrida akamtazama kwa pembeni, na dharau yake, badala ya kupungua kwa aibu, ikanona. Tazama huyo, aliwaza. Hata kosa la mwenzake hawezi kuliona. Ameshika ushahidi mkononi anaupapasa kama kipofu.

Njiani kurudi Musoma, Jilala alisema bila kugeuza shingo, "Kuanzia kesho mchoro mama unakaa kwa Matrida. Dennis utachukua hopa."

Aliomba, akapewa. Kwangu alilazimika kuleta stuli kutoka stoo, maana kompyuta yenye mchoro mama ilikuwa mezani kwa Dennis na kiti cha pale kilikuwa kimekaliwa na baba mkwe kwa miaka. Matrida akakaa kwenye stuli isiyo na mgongo, akayapa mafaili majina ya Kikristo, akawa mkubwa. Hopa ya Butiama ilikatwa upya kwa vipimo alivyovipima Kwangu kwa futi pale pale kwenye fremu, ikafungwa, mihogo ikaparazwa, na Diana akapiga simu kusema asante kwa sauti ya mtu anayekubali radhi bila kusamehe.

Sala zake zilikuwa na shida kidogo siku hizo. Zilianza vizuri, lakini zikifika kwa Baba zilikwama. Alimwombea haraka haraka akapita.

Kisha wakulima wa Guta, karibu na Bunda mjini, wakataka mashine kama ile, lakini yenye ngoma kubwa zaidi. Hii ndiyo siku aliyoingoja Matrida tangu darasani. Alifanya ishara ya msalaba. Alisogeza mstari wa shafti, akapanua duara la ngoma, akabonyeza. Fremu ikapanuka. Kiti cha injini kikasogea. Kifuniko cha mkanda kikanyanyuka. Akaifungua mashine nzima, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kutuma kazi bila kuitazama.

Ngoma ilikuwa imetoboa hopa ubavuni na kutokea nje.

Akaitazama orodha ya vipande. Kando ya hopa, pete mbili zilizoachana.

Amekata, Matrida aliwaza, na damu ikamchemka masikioni. Yule nyang'au amekata. Ameshindwa kunivumilia mimi. Hawezi kufuata mstari wa mwanamke, anataka domo lake likae linavyotaka. Alimtafuta Kwangu kwa macho, lakini Kwangu alikuwa amekwenda mjini kununua fimbo za kuchomelea. Ndani walikuwa wawili tu, na kati yao, juu ya jiko la mkaa mlangoni, birika la chai.

Haja ilikuwa kubwa kuliko desturi, lakini si kubwa kiasi cha kuivunja. Matrida akaligeukia birika.

"Birika," alisema, "mwambie Baba kwamba hopa yake haifuati. Amekata kiungo. Mwambie kazi ya watu haiendeshwi kwa kisirani."

Dennis alikuwa na andazi mkononi. Alilitazama birika, yeye naye, kwa uso wa heshima.

"Birika, mwambie mkwe wangu sijakata kitu. Niliikuta hivyo."

"Birika, muulize aliikuta lini."

"Mwambie jioni ile tuliyotoka Butiama. Niliishika hopa pale nikaona ni upana wa zamani. Nikajua haikufuata. Niliporudi nikafungua faili, nikaona imekatwa, na jina la aliyekata linaandikwaga pale pale chini."

Birika likaanza kuchemka, kifuniko kikitikisika kidogo.

"Ulijua pale pale?" aliuliza, na hakuwa akiuliza birika tena.

"Nilijua pale pale."

"Na ukasema ni wako."

"Ungetaka niseme nini?" Dennis alikuwa anaangalia andazi lake. "Pale ni kwako, ndiko ulikoolewa. Niseme mbele ya Mama Diana kwamba mkwe wangu ananikata kwa siri? Ningekuwa baba wa namna gani? Halafu na mimi nilikosea. Nilitakiwa niifungue mashine nzima niiangalie kabla sijatuma. Ila nilikuwa na haraka. Nilikuwa nawahi saluni."

"Saluni."

"Jumamosi pale kunajaaga sana."

"Na kwa nini hukuifunga tena, muda wote huu?"

"Sikuikata mimi," alisema Dennis, akang'ata andazi.

Matrida alikaa kwenye stuli yake. Alijaribu kuanza upya ile rozari: miwani, manukato, viatu. Miwani ilikuwepo. Manukato yalikuwepo, na leo yalizidi. Saluni ilikuwa punje mpya kabisa, ya kung'aa. Mtu huyu alikuwa mpuuzi kuanzia juu hadi chini, hakuna lililobadilika. Ila mpuuzi huyu ndiye aliyesimama Butiama akabeba aibu ya mtu mwingine kama anayebeba mkoba, na hakuudai hata siku moja. Na yeye, mwanamke wa sala, alikuwa ameuona mkoba huo begani mwake akamcheka kwa kutembea upande. Dharau yake ilizunguka chumba kizima ikitafuta mahali pa kukaa, na mahali pekee palipokuwa wazi palikuwa kwenye stuli.

Akabonyeza jina la hopa. Akaichagua mistari ya mama, mmoja baada ya mwingine, akaifunga. Pete mbili zikaungana. Hopa ikatikisika kwenye skrini, ikapanuka, ikakaa juu ya ngoma mahali pake.

Jilala aliingia akifuatwa na Kwangu na boksi la fimbo za kuchomelea.

"Vipi ya Guta?" aliuliza Jilala.

"Inakwenda," alisema Matrida. Alisimama. "Mzee Jilala, hopa ya Butiama niliikata mimi kwenye mchoro mama. Kwa siri. Baba hakukosea mstari. Niliona pale pale nikanyamaza, ukanipa kazi yake."

Kwangu aliliweka boksi chini polepole sana.

Jilala akamtazama Matrida, kisha Dennis, kisha Matrida. "Wewe ulijua?" alimuuliza Dennis.

"Nilijua."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi mwenye karakana nikasimama mbele ya katekista kama mti." Jilala akavuta pumzi. "Watu wa huku bwana. Kwetu nako mkwe anaogopwa, lakini angalau kazi inaenda." Akatafuta kikombe, akamimina chai, akanywa akiwa amesimama. "Mchoro mama unarudi kwa Dennis. Na Dennis, kabla hujatuma kitu Kabasa, unafungua mashine nzima, Matrida anaitazama. Asipoitazama haitoki. Kwangu, wewe ndiye utakuwa unasema maneno yao. Yote. Usipunguze hata moja."

"Yote, mzee? Hata yale ya huyu mama?"

"Yote."

Kwangu akaibeba stuli kuipeleka kwenye meza ya zamani ya Matrida, akitembea kama anayepeleka jeneza la mtoto. Matrida alimfuata. Alichokitaka kuliko vyote alikuwa nacho, akakitoa kwa mdomo wake, na hakuona malaika yeyote akishuka. Aliona skrini yake ya zamani, yenye vumbi. Akaifuta kwa ncha ya khanga.

Asubuhi iliyofuata alisali, na alipofika kwa Baba hakupita haraka. Alikaa hapo muda. Aliomba apewe kumheshimu, hakupewa. Alichopewa ni kidogo kuliko hicho, kumvumilia tu, akaona kinatosha kwa siku moja.

Alipofungua kompyuta, hopa yake ilikuwa imesogea. Mstari wa shafti ulikuwa umepandishwa kidogo tena, bila neno, na domo lilikuwa limeufuata kwa utii wote. Matrida aliutazama mnyororo ule mdogo kando ya jina la hopa. Mkono ulifika karibu nao. Akaurudisha mapajani.

"Kwangu," alisema, macho ukutani, "mwambie Baba akisogeza mstari awe anasema."

Kwangu aligeuka, akalisema lote, neno kwa neno, mpaka na kikohozi.

"Mwambie nimesikia," alisema Dennis, akishusha miwani puani kwa sababu jua lilikuwa linaingia mlangoni.

"Anasema amesikia."

"Mwambie asikie kwa masikio, sio kwa miwani."

Kwangu akalisema na hilo.